Mwendo wa Mijusi wa Jangwani na Ardhi Wanayoikanyaga

Wataalamu wa viumbe wanapozungumzia uhusiano wa mwendo na makazi, wanamaanisha kwamba namna mnyama anavyokimbia, anavyowinda au anavyojificha haielezeki kwa kutazama miguu yake peke yake. Ni lazima ardhi anayoikanyaga ihesabiwe pia. Mijusi wa jangwani ni mfano mzuri wa dhana hii, kwa kuwa jangwa, ingawa kwa mbali huonekana kuwa kitu kimoja, lina matuta ya mchanga tifutifu, nyanda za kokoto, miamba yenye nyufa na vichaka vilivyotawanyika, na kila mahali pana masharti yake.

Mkazi wa Bagamoyo halazimiki kufika Sahara ili alielewe sharti la kwanza, yaani mchanga wenyewe. Anayetembea ufukweni maji yanapokupwa hukanyaga mchanga ulioloa na kushikamana, mguu ukapata mahali pa kujikaza. Akipanda juu ya mstari wa maji kujaa, kwenye mchanga mkavu, kila hatua huzama na sehemu ya nguvu zake hupotea katika kuzisukuma chembe. Mchanga mkavu hubeba uzito kama kitu kigumu hadi kiasi fulani, na ukizidiwa chembe zake huanza kutiririka.

Katika jangwa la Mojave, nchini Marekani, yupo mjusi aitwaye kitaalamu Uma scoparia, ambaye pembeni mwa vidole vyake vya nyuma ana safu ya magamba marefu yanayopanua unyayo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, magamba hayo yaliondolewa, kisha mijusi wakakimbizwa juu ya mchanga laini na juu ya uso wa mpira. Mchangani kasi yao ilipungua, lakini juu ya mpira haikubadilika. Kwa maoni yangu jaribio hilo moja linatosha kuieleza dhana nzima, kwa sababu kiungo kilekile kilikuwa na faida mahali pamoja na hakikuwa na faida mahali pengine.

Wapo walioacha kushindana na mchanga juu yake, wakaingia ndani. Mjusi wa Sahara na Arabuni ajulikanaye kama samaki wa mchanga ana pua iliyochongoka na magamba laini yanayoteleza. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, walimpiga picha za eksirei akiwa amezama mchangani, wakaona kwamba huko chini hatumii miguu hata kidogo: huilaza ubavuni, kisha huujongeza mwili wake kwa mawimbi yanayotoka kichwani kuelekea mkiani. Katika mchanga wa Kalahari, jangwa la kusini mwa Afrika, wapo mijusi wa jamii hiyohiyo pana waliokwisha kupoteza miguu kabisa, na asiyewajua anaweza kuwadhania nyoka.

Mjusi kafiri, ambaye kila nyumba ya Tanga inamfahamu, hupanda ukuta kwa pedi za vidoleni zenye vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Jamaa yake wa jangwa la Namib, anayeishi matutani na kutoka usiku, hana ukuta wa kupanda. Pedi zake zimepungua, na vidole vyake vimeunganishwa kwa utando unaomsaidia kutembea juu ya mchanga na kuufukua anapochimba shimo la kujificha mchana.

Joto nalo huamua mwendo. Kwenye miteremko ya matuta ya Namib, mjusi mmoja wa mchana, Meroles anchietae, mchanga unapochoma husimama na kuinua kwa pamoja mguu mmoja wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili, kisha hubadilisha. Joto likimzidi, au adui akimkaribia, hupiga mbizi mchangani.

Mwendo wa kutafuta chakula pia hutofautiana, hata kati ya mijusi wa jangwa moja. Kalahari kuna wanaotulia wakisubiri mdudu apite, na kuna wanaozunguka kutoka kichaka hadi kichaka wakipekua. Hawa wa pili hutumia nguvu nyingi zaidi na huonekana kwa urahisi na maadui. Heliobolus lugubris ni mmoja wa wazungukaji hao. Watoto wake ni weusi wenye alama nyeupe, nao hutembea kwa kukaza miguu na kukunja mgongo, wakifanana na mbawakawa wa huko anayerusha asidi kali, ambaye wawindaji wengi humwepuka. Wakishakuwa wakubwa kumpita mbawakawa huyo, weusi hufifia, rangi ya mchanga huchukua nafasi yake, na mwendo ule wa kuiga huachwa.