Kuku jike akiwika si kisirani

"Mchinje kabla jua halijatua." Hiyo ndiyo hukumu ya kuku jike aliyewika, Unguja hata Pemba, na kwa kuwa anayeitoa huwa mkubwa wa nyumba, habishiwi. Wengi tumekula mchuzi wa hukumu hiyo.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya kuku. Kifaranga jike anapoumbika ndani ya yai huwa na mwanzo wa ovari mbili, viungo vya kutengenezea mayai. Ya kushoto peke yake ndiyo inayokua. Ya kulia husinyaa ikabaki kipande tu. Ovari ya kushoto hutoa homoni ya estrojeni, na estrojeni ndiyo inayompa kuku manyoya ya kike. Ikiharibika kwa uvimbe au maradhi, estrojeni hushuka, na kile kipande cha kulia huweza kuamka. Kikiamka hakiwi ovari nzima: huelekea kuwa korodani na kutoa testosteroni, homoni ya kiume. Upanga wa kichwani hujaa, manyoya mapya ya shingoni huota marefu yenye kung'aa, kipi, ule mwiba wa jogoo, huchomoza mguuni, na alfajiri moja bibi anawika. Kinasaba bado ni jike vilevile. Wapo pia wanaowika wakiwa wazima kabisa, kwa sababu banda halina jogoo na wao ndio wababe.

Aliyeharibika ovari huacha kutaga, kwa hivyo kumchinja kwa kitoweo naelewa. Kumchinja kwa kuogopa msiba, hapana.

Kwamba upanga na kuwika vinatokana na korodani si habari mpya. Mwaka 1849 mwanasayansi Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, aliyahasi mapora, yaani majogoo machanga. Yaliyoachwa bila korodani yalibaki na upanga mdogo, hayakuwika wala kugombana. Yale aliyoyapandikiza korodani tumboni yakawa majogoo kama mengine.

Hapo ndipo uvumi mwingine unapovunjika: eti kuku wa kizungu, wale wa nyama, hudungwa homoni, ndiyo maana wasichana wanavunja ungo mapema na vijana wa kiume wanaota matiti. Mtazame kuku huyo mwenyewe. Huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6, mzito lakini upanga wake ni mdogo na sauti yake bado ya kifaranga, kwa sababu homoni zake za uzazi hazijapanda. Unene wake umetokana na mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi, na chakula. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukimlisha, tumbo lake linaisaga kama dagaa. Ingebidi adungwe mara kwa mara, yeye na maelfu wenzake, na mfugaji gani ana muda na fedha hizo? Ukitaka kumhoji muuzaji, muulize kuhusu antibiotiki, dawa za kuua bakteria: kuku alimaliza dawa lini, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja zilitimizwa? Hilo ni swali la haki.

Mengine ni mepesi. Eti yai lenye ncha hutoa jogoo: umbo la yai hutokana na mirija ya mama, na jinsia huamuliwa na kromosomu ya mama huyohuyo, jogoo hana kauli. Eti bila jogoo kuku hatagi: anataga, ila mayai hayaangui.

La kukutia hasara sokoni ni upanga mwekundu. Muuzaji wa Chake Chake atakuonyesha tembe, kuku jike kijana, na kuapa kwamba keshaanza kutaga, eti huoni upanga? Wekundu unasema tu kwamba homoni zinapanda. Yai la kwanza huenda liko wiki kadhaa mbele. Mgeuze, pitisha vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga, chini ya mkia. Kikiingia kimoja kwa shida, bado. Vikiingia viwili au vitatu na tumbo likawa laini, estrojeni imeshaitanua nyonga, na hapo zungumza bei ya kuku anayetaga.