Kundi la galaksi ni nini, na kwa nini hutafutwa kwa eksirei

Mtu akisimama shambani Isyonje, juu kwenye mwinuko wa Uporoto, usiku usio na mbalamwezi mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ikikaribia saa tano anaweza kutazama kaskazini akaona doa hafifu la mwanga lililorefuka kidogo, kisha akageuka kusini akaona jingine mfano wa kipande cha wingu kisichosogea. La kaskazini ni galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, iitwayo Andromeda, ambayo nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia. La kusini ni Wingu Dogo la Magellan, lililo karibu zaidi, kiasi cha miaka ya nuru 200,000. Galaksi hizo, pamoja na Njia Nyeupe tunamoishi na galaksi nyingine ndogo zaidi ya 50, ni za kundi moja.

Kundi la galaksi ni galaksi chache, pengine makumi kadhaa, zilizoshikwa pamoja na nguvu ya uvutano kiasi kwamba hakuna inayoweza kuondoka kwa urahisi. Zikifika mamia au maelfu, mkusanyiko huo huhesabiwa kuwa wa daraja jingine, nami hapa nitauita lundo. Malundo ndiyo yenye sifa na picha za kupendeza, lakini galaksi nyingi ulimwenguni huishi katika makundi, na kwa maoni yangu anayetaka kujua maisha ya kawaida ya galaksi aanzie huko.

Neno hili lisichanganywe na kundinyota. Nyota mbili kuu za Mapacha huonekana zimesimama bega kwa bega, ilhali moja iko umbali wa miaka ya nuru 34 na nyingine 51, na hazina undugu wowote. Kilimia, ambacho wazee wetu walikitumia kujua majira ya kulima, ni kinyume chake: nyota zake zilizaliwa pamoja na bado zinasafiri pamoja. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kutofautisha ujirani wa kweli na ule wa kuonekana tu. Mwaka 1877 Édouard Stephan, akiwa Marseille nchini Ufaransa, aligundua galaksi tano zilizobanana mahali pamoja; baadaye ikathibitika kwamba nne ziko umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 300, na ya tano iko mbele yake sana, imepita tu kwenye mstari wa macho yetu.

Hapo ndipo eksirei inapohitajika, miale ileile inayotumika hospitalini kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Katikati ya galaksi za kundi si patupu. Kuna gesi iliyovutwa kuelekea kitovu cha kundi, na jinsi inavyoanguka na kugongana inapata joto, kama maji yashukayo kutoka milimani kuelekea bonde la Usangu, ila mteremko huu ni wa kutisha hata gesi ikafikia nyuzi milioni 10 hivi. Gesi yenye joto hilo haitoi mwanga wa macho, hutoa eksirei. Ni nyembamba mno, pengine chembe moja tu katika lita nzima, lakini imeenea eneo kubwa kiasi kwamba jumla yake ni kubwa. Ikionekana imezizunguka galaksi zote kwa pamoja, ni ushahidi mzito kwamba zimo katika shimo moja la uvutano.

Angahewa letu huzuia eksirei za angani, kwa hiyo hata kilele cha Rungwe hakitoshi kuweka darubini ya namna hii. Lazima ipelekwe juu ya hewa. Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei za malundo zinatoka katika eneo pana, si katika nukta moja. Gesi ya makundi madogo, iliyo hafifu zaidi, ilisubiri satelaiti ya ROSAT, iliyorushwa mwaka 1990, kisha Chandra na XMM-Newton za mwaka 1999.

Gesi hiyo pia ni mizani. Chembe zenye joto hilo hukimbia mamia ya kilomita kwa sekunde, na zingetawanyika zamani kama kusingekuwa na kitu cha kuzizuia. Kwa kupima joto lake na jinsi inavyopungua kuelekea pembezoni, watafiti hukokotoa tungamo lote la kundi, yaani kiasi cha maada kilichomo, na jibu hufikia kama mara trilioni 10 ya Jua. Nyota na gesi ni sehemu ndogo tu ya hapo. Inayobaki ni maada giza, isiyotoa mwanga wowote.

Yeyote aliyechemsha maziwa Tukuyu anajua kwamba katika sufuria fupi hufurika upesi, na katika ndefu hupanda na kushuka bila kumwagika. Katika galaksi kubwa iliyo kitovuni huwa kuna shimo jeusi, ambalo likimeza gesi hurusha nishati nje na kuichemsha gesi inayolizunguka. Lundo, lenye uvutano mkubwa, huvumilia. Kundi, ambalo shimo lake la uvutano ni la kina kifupi, linaweza kusukumiwa gesi yake mbali na kitovu, na kweli makundi hukutwa na gesi pungufu kuliko malundo kwa kulinganisha na tungamo lao. Kwa sababu hiyo ukosefu wa eksirei hauthibitishi kwamba hakuna kundi, hasa pale ambapo galaksi zake nyingi ni za mviringo wenye mikono kama yetu. Anayetafuta kwa eksirei peke yake atapata yale yaliyofanikiwa kutunza gesi, na ndiyo maana baadhi ya watafiti huanza kwa kuorodhesha makundi kwa darubini za kawaida, ndipo waelekeze ile ya eksirei kwa kila moja, yenye kung'aa na yasiyong'aa.