Ahadi za Mungu kwenye pito: tunayoambiana na yaliyoandikwa

Rafiki yangu alipoachishwa kazi nilimtumia Yeremia 29:11 kwa simu. Ni ule mstari tunaotumiana wote: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Nikaupamba na picha ya ua. Jibu lilikuja jioni, maneno matatu: "Asante. Ila lini?"

Sikuwa na la kumwambia. Nikafungua Biblia nikaisoma sura nzima, tangu mwanzo, badala ya kudonoa. Jibu la "lini" lilikuwepo mstari mmoja tu juu ya ule nilioutuma. Miaka 70 ya Babeli, ndipo Mungu angewarudisha watu wake kutoka uhamishoni.

Dhana: Mungu akiahidi, ujue pito (kipindi cha shida) limekaribia kwisha

Hii ndiyo tunayohubiriana zaidi, na Yeremia aliipinga hadharani. Sura ya 28 inamwonyesha akiwa na nira ya mti shingoni, ishara kwamba taifa lake, Yuda, litaendelea kumtumikia mfalme wa Babeli. Nabii mwingine, Hanania, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudi. Kisha anaitoa ile nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja. Piga picha vigelegele! Hata Yeremia alikuwa ameshamjibu, "Amina," maana nani asingetaka iwe hivyo? Lakini neno lililofuata ni kwamba aliyevunja nira ya mti ametengeneza ya chuma, na mwaka uleule, mwezi wa 7, Hanania akafa.

Sura inayofuata ndiyo barua ya Yeremia kwa waliohamishiwa Babeli. Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, waozeni wana wenu, uombeeni mji mliochukuliwa mateka. Baada ya hayo yote ndipo unakuja ule mstari wetu. Mtu mzima wa miaka 40 aliyesomewa barua ile hakuwa na sababu ya kutegemea kurudi nyumbani kwa miguu yake. Ahadi ilitolewa kwa taifa, na wa kuiona kwa macho walikuwa zaidi watoto na wajukuu. Mkristo anaweza kujifunza humo tabia ya Mungu, kwamba hawasahau watu wake hata kwenye adhabu. Tarehe ya kuitwa kwenye kazi mpya haimo.

Dhana: ungekuwa na imani ya kutosha, yasingekupata

Kwa maoni yangu hakuna dhana inayoumiza watu kuliko hii, kwa sababu inamkuta mtu ameanguka na kumwongezea kosa. Marafiki wa Ayubu waliijaribu, na mwisho wa kitabu Mungu akawakasirikia wao, si Ayubu.

Kuna sentensi fupi katika 2 Timotheo 4:20 ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Anayeandika ni Paulo, mtu ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Safari hii anamwacha mwenzake mgonjwa na kuendelea. Halaumu imani ya Trofimo, wala hajitetei yeye. Timotheo mwenyewe, aliyeandikiwa barua hiyo, alikuwa na tumbo linalomsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, akashauriwa mvinyo kidogo. Na ule mwiba wa Paulo, yaani taabu iliyokuwa mwilini mwake? Aliomba mara 3 uondoke. Akapewa neema, mwiba ukabaki.

Kwa upande mwingine yuko yule baba wa Marko 9 aliyemleta mwanawe kwa Yesu, akalia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kwa imani hiyo nusunusu, mwanawe aliponywa.

Dhana: Mungu hakupi mzigo unaokuzidi

Haijaandikwa hivyo popote. Watu hufikiria 1 Wakorintho 10:13, ila pale habari ni ya majaribu ya kutenda dhambi, na kinachoahidiwa ni mlango wa kutokea. Kuhusu mizigo, Paulo yuleyule aliwaambia Wakorintho haohao kwamba huko Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Kuliko nguvu zetu. Anaendelea kueleza kwamba ilikuwa hivyo ili wasijitumainie wenyewe, bali Mungu afufuaye wafu.

Dhana: anayemtumaini Mungu halalamiki

Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara 4 katika mistari 2 tu. Swali la rafiki yangu, kumbe, limo kwenye kitabu cha sala. Zaburi ya 88 haina hata ule mgeuko wa sifa tunaouzoea mwishoni. Inaishia gizani, na bado imewekwa pamoja na nyingine ili iimbwe. Tofauti ya manung'uniko na maombolezo ni kwa nani unapeleka.

Dhana: kutumaini ni kukaa na kungoja

Turudi kwa Yeremia, sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, naye amefungwa katika uwanja wa walinzi. Anakuja binamu yake Hanameli: nunua shamba langu la Anathothi. Shamba liko nje, adui katapakaa nchini, na mnunuzi yuko kifungoni. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anatia sahihi, anaweka mashahidi, kisha anamwagiza Baruku, mwandishi wake, azitie hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Akishamaliza, anaomba, na sala yake inaishia kwa mshangao: umeniambia ninunue shamba, na mji ndio huo umetiwa mikononi mwa Wakaldayo (Wababeli)!

Mji ulianguka. Baadaye watu wake walimchukua Yeremia hadi Misri, na Biblia haimwonyeshi tena akiwa Anathothi.