Chupa tupu, msasa na bei

Mafunzo mengi ya ujasiriamali hapa mjini huanza na ukumbi, soda na mtu wa kutuhimiza tujiamini. Mimi naanza na chupa. Nafundisha kutengeneza bilauri na vivuli vya taa kutokana na chupa tupu, na wanaokuja ni vijana na akina mama wasio na ajira, baadhi wakiwa na ulemavu.

Wazo lenyewe si geni Dar. Mafundi wa Gerezani walikuwa wakigeuza vyuma chakavu kuwa majiko na masanduku kabla hatujaanza kuandikiana miradi ya mazingira.

Chupa za bia na soda za kreti siziguzi, maana zinarudi kiwandani. Natafuta za mvinyo na pombe kali, ambazo zisipookotwa njiani huishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Elewana na mhudumu wa kaunta akuwekee kando mapema. Ukisubiri gari la taka, utaambulia vigae.

Kukata ndiko kunakotisha watu. Unalaza chupa kwenye kibao chenye kizuizi, unashikilia kikata kioo mahali pamoja, kisha unaizungusha chupa mara moja tu mpaka mstari ukutane ulipoanzia. Usirudie mstari, kwani mkwaruzo wa pili huzaa nyufa za pembeni. Mwagia maji ya moto taratibu juu ya mstari, halafu ya baridi. Kioo kilichotanuka kwa joto kinasinyaa ghafla, na ufa unafuata ule mkwaruzo. Utasikia "tik", shingo inabaki mkononi.

Kisha msasa wa maji, ule ule wa mafundi wa rangi za magari. Anza na namba 120, panda hadi 400 au zaidi, na kioo kibaki kimelowa muda wote, kwa sababu vumbi lake likikauka linaingia mapafuni. Barakoa na miwani si hiari. Mwanafunzi asiyeona huwa hodari sana hapa: kidole chake hukamata jino ambalo jicho langu limelipita. Akishasema "hii bado", hakuna anayebishana naye, na hapo huwa naona mtu aliyeingia kwa kuinamisha kichwa akianza kukagua kazi za wenzake.

Bei nayo tunaifanyia mazoezi. Tuseme umekata chupa kumi, tatu zikapasuka vibaya. Msasa, nauli na muda wa zote kumi vinabebwa na zile saba. Wanafunzi wengi hupiga hesabu ya zilizopona tu, ndiyo maana wanauza kwa hasara huku wakishukuru. Sipendi pia mauzo ya huruma, yale ya "nunueni muwasaidie". Mnunuzi wa namna hiyo harudi. Mteja akisema, "Dada, si chupa tu hii?" namwambia mwanafunzi ajibu, "Ni chupa, kaka. Pitisha kidole mdomoni mwake, halafu tuongee bei."

Wakifika hapo, wajiunge kikundi, wakisajili na kufungua akaunti, ndipo waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili hiyo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Nendeni na bilauri mkononi, pamoja na daftari la hesabu.