Mtoto anayezinduka akipiga kelele na hamjui mama yake

Upasuaji umekwenda vizuri, mtoto ametolewa thieta, anapumua mwenyewe, oksijeni iko asilimia 98. Dakika chache baadaye anafumbua macho na vurugu inaanza. Anajirusha kitandani, anapiga mateke, anavuta kanula (kile kimrija cha dawa kilichoingizwa kwenye mshipa), analia anamtaka mama huku akimsukuma mama aliyesimama mbele yake. Ukimwangalia machoni macho yake yanakupita, kana kwamba anamtazama mtu aliye nyuma yako.

Mimi ni daktari wa usingizi na sehemu kubwa ya kazi yangu ni watoto. Wazazi huniuliza mambo mengi baada ya operesheni, lakini hili huniuliza kwa sauti ya chini. Bibi mmoja alinivuta pembeni, mjukuu wake wa miaka minne akiwa bado anapambana na manesi wawili, akaniambia: "Daktari mwanangu, msihangaike na sindano. Huyu kapandisha." Sikumbishia. Mtu aliyewahi kuona mtu aliyepandisha mashetani atasema hivyo hivyo, maana kwa macho vinafanana sana. Nilimwomba akae karibu, amshike mguu mtoto taratibu na asimwite jina. Baada ya kama robo saa mtoto alilala tena kidogo, akaamka, akaomba maji.

Hali hii ni ya kitabibu na inajulikana siku nyingi. James Eckenhoff na wenzake waliiandikia makala huko Marekani mwaka 1961, na hata wakati huo waliona kwamba watoto wadogo ndio inaowapata zaidi. Ni kuchanganyikiwa wakati wa kuzinduka. Huwakumba hasa walio kati ya miaka miwili na sita hivi, huanza ndani ya nusu saa ya kwanza, na mara nyingi huisha yenyewe kwa dakika tano mpaka kumi na tano, ingawa wapo wanaokwenda nusu saa na zaidi. Mtoto mwenyewe kwa kawaida hakumbuki chochote. Anayekumbuka ni mama.

Ubongo unapotoka kwenye dawa hauamki wote kwa mpigo. Ni kama umeme unaporudi kwenye nyumba yenye waya mbovu: jikoni kumewaka, sebuleni bado giza. Sauti na miguu vimesharudi, lakini sehemu inayotambua sura ya mama, mahali na wakati bado haijawaka. Dawa za kuvuta kwa barakoa, sevofureni hasa, zinaleta hali hii zaidi kuliko halotheni ya zamani, na zaidi sana kuliko propofoli inayopitia kwenye mshipa. Wengi hudhani ni kwa sababu sevofureni inatoka mwilini haraka mno. Mimi maelezo hayo hayaniridhishi, kwa sababu propofoli nayo inaisha haraka na watoto huamka nayo wametulia, wengine wanatabasamu. Ketamini, ambayo hospitali nyingi za wilaya zinaitegemea, ina vituko vyake vya kuzinduka: mtoto anaona vitu ambavyo havipo. Hiyo ni habari nyingine kidogo.

Maumivu yanachangia, lakini hayatoshi kueleza. Hali hii tunaiona hata kwa mtoto aliyelazwa kwa dawa ili apigwe picha ya MRI tu, ambaye hakuguswa na kisu. Kutofautisha viwili hivi ndiyo kazi ya kwanza pale chumba cha kuzindukia. Mtoto mwenye maumivu anashika panapouma, anakutazama, na ukimkumbatia analegea japo kidogo. Aliyechanganyikiwa hakutazami, mikono yake haina shabaha, hajui yuko wapi, na kubembelezwa hakumfikii. Nancy Sikich na Jerrold Lerman wa Toronto walizigeuza dalili hizo kuwa kipimo mwaka 2004: mambo matano, kila moja linapewa alama 0 mpaka 4, jumla 20. Ninapofundisha wauguzi huwaambia waanze na macho. Mtoto akikutazama usoni na kukufuata, mpe dawa ya maumivu kwanza.

Kabla ya kusema "amechanganyikiwa tu" lazima tuhakikishe hewa inapita, oksijeni haijashuka, sukari haijashuka, kibofu hakijajaa. Mtoto aliyekosa hewa naye hujirusha. Huyo hasubiriwi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Tunazungumza sana kuhusu dawa, na kidogo sana kuhusu usiku wa kuamkia upasuaji.

Kuna tatizo la usingizi ambalo wazazi wengi wanalifahamu: mtoto anaweweseka. Saa mbili au tatu baada ya kulala anakaa kitandani, anapiga kelele, macho wazi, hamjui mtu, kisha anarudi kulala na asubuhi hana habari. Angalia jinsi linavyofanana na kile nilichokieleza hapo juu, hata umri ni ule ule. Na linajulikana kinacholichochea: homa, kibofu kilichojaa, na zaidi ya yote kukosa usingizi. Mtoto aliyekesha, siku inayofuata hulala usingizi mzito kupita kiasi, na ubongo wake hutoka humo kwa shida. Mimi naona ajabu kwamba tunajua hivyo kuhusu usingizi wa kawaida, halafu tunamkesha mtoto usiku kucha, tunampa dawa asubuhi, na tunashangaa jinsi anavyozinduka.

Utafiti nao umeanza kuelekea huko. Lipo dodoso la tabia za usingizi wa watoto ambalo Judith Owens na wenzake walilitoa mwaka 2000, mzazi anajibu maswali kuhusu kulala, kuamka usiku, kukoroma na kusinzia mchana. Watafiti waliolitumia kabla ya upasuaji wameona kuwa wenye usingizi mbovu huelekea kuzinduka vibaya zaidi. Si kila mtoto, na wapo waliolala fofofo wakazinduka kwa vita. Hofu nayo imo: Zeev Kain na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba mtoto anayeingia thieta na hofu kubwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuchanganyikiwa akizinduka, na pia wa kubadilika tabia akirudi nyumbani. Hofu na kukosa usingizi ni ndugu. Kila kimoja kinamlisha mwenzake.

Tazama basi usiku wenyewe ulivyo kwetu. Mtoto analazwa siku moja kabla. Wodini taa haizimwi. Kitandani anaweza kuwa na mwenzake anayelia, mama amekaa kwenye kiti au ametandika khanga sakafuni. Saa nne usiku anakuja mtu wa kutoa damu, saa saba mwingine wa kuweka kanula kwa sababu asubuhi kutakuwa na kazi nyingi. Mama ameambiwa asimpe mtoto kitu tangu saa sita usiku. Asubuhi inafika, orodha inapangwa, mtoto ni wa nne, ikitokea dharura ya mama mjamzito anasogezwa tena. Anaingia thieta saa saba mchana, saa kumi na tatu bila hata tone la maji, amelala vipande vipande, na watu waliovaa barakoa wanamwambia "usiogope". Hapo dawa yoyote nitakayochagua inaanza ikiwa imechelewa.

Kwa hiyo simlaumu mzazi hata kidogo. Mengi ya kurekebisha yako upande wetu. Kanula inaweza kuwekwa mtoto akishapumulishwa dawa, au mchana kabla usiku haujaingia. Wadogo wawe wa kwanza kwenye orodha. Asiye na sababu ya kulazwa alale nyumbani kwao aje alfajiri. Na kufunga kuanzia saa sita usiku kwa kila mtu ni desturi iliyopitwa na wakati: ukihesabu muda kabla ya dawa ya usingizi, si saa ya ukutani, chakula na maziwa ya kopo mwisho ni saa sita kabla, maziwa ya mama saa nne kabla, na maji matupu mpaka saa mbili kabla kwa mwongozo wa Marekani, au saa moja kwa mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022. Maji matupu maana yake maji, au chai ya rangi isiyo na maziwa. Uji ni chakula, hata uwe mwepesi namna gani. Mzazi, uliza: "Daktari, maji ya mwisho nimpe saa ngapi?" Ukipewa saa, ishike hiyo hiyo, usiongeze wala usipunguze, maziwa yakiwa tumboni yanaweza kuingia mapafuni na hilo ni hatari kubwa kuliko vurugu yoyote ya kuzinduka.

Upande wa nyumbani, siku tatu nne kabla jaribu kumrudisha kwenye saa yake ya kulala. Mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano anahitaji saa 10 mpaka 13 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, na wengi siku hizi wanalala saa nne usiku na simu mkononi. Usimkeshe makusudi ili "achoke alale vizuri kwenye operesheni". Nimesikia ushauri huo ukitolewa kwa nia njema, nao ni kinyume kabisa.

Na usimdanganye. "Tunakwenda kununua juisi" inafanya kazi mpaka mlangoni tu. Mwenye miaka sita na kuendelea mwambie siku kadhaa kabla. Mdogo, siku moja au mbili zinatosha. Mwambie utalala kwa dawa, daktari atatengeneza pua yako, ukiamka nitakuwepo. Mpe khanga yako aingie nayo.

Kuna kundi moja ambalo kwao usiku si tatizo la siku moja. Ni watoto wa nyama za puani na tonsili. Huyu anakoroma kila siku, analala mdomo wazi kichwa amekirudisha nyuma, anatoka jasho, wakati mwingine pumzi inakatika kidogo kisha anashtuka. Amelala vibaya kwa miezi, pengine miaka, na bado anafika kwangu kwa upasuaji ambao wenyewe unajulikana kwa kuleta vurugu za kuzinduka. Nikimwona kliniki namwomba mama anipigie video ya nusu dakika mtoto akiwa usingizini, shati limefunguliwa kifuani. Video hiyo inanifundisha kuliko maelezo ya robo saa. Mtoto ambaye oksijeni yake imekuwa ikishuka usiku anakuwa mwepesi kuzidiwa na dawa za jamii ya mofini, hivyo nampunguzia dozi na kumwangalia kwa muda mrefu zaidi. Kodeini simpi kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2013 baada ya vifo vya watoto waliotolewa tonsili, na mwaka 2017 ikakataza isitumike kwa walio chini ya miaka 12.

Vurugu ya kuzinduka ikitokea pamoja na yote, tunapunguza mwanga na kelele, tunamlinda asidondoke wala asichomoe kanula, na akizidi kujiumiza tunampa dozi ndogo ya propofoli au dawa nyingine ya kutuliza, alale dakika chache aamke upya. Ukiwepo, mshike, zungumza chini chini, usimtikise, usimfinye, usimwite kwa sauti ili "arudi". Na nawaomba sana mashangazi na wajomba: msimrekodi mkamtuma kwenye kundi la familia.

Akifika nyumbani, usiku wa kwanza mpaka wa tatu anaweza kuamka akilia, kukojoa kitandani, kukataa kulala peke yake. Kwa walio wengi hayo huisha yenyewe baada ya muda. Alale nawe ikibidi, maumivu yatulizwe kwa saa ulizoandikiwa bila kusubiri alie. Akilegea na ikawa vigumu kumwamsha, akitapika mfululizo, akitoa damu puani au mdomoni au kupumua kwa shida, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Wiki mbili zikipita na bado halali, mlete kliniki. Na hata akipona vizuri, hakikisha jinsi alivyozinduka imeandikwa kwenye faili lake, kwa sababu mara nyingine akihitaji upasuaji daktari wa usingizi ataweza kupanga dawa tofauti tangu mwanzo.