Mkono Ndani ya Mashine: Maswali na Majibu Kuhusu Ajali za Viwandani

Maswali haya huulizwa na wafanyakazi wa viwandani, wasimamizi wa zamu, na wenye viwanda wanaotaka kujua waanzie wapi. Majibu yanalenga viwanda vyetu vya kawaida: vya unga, sabuni, plastiki, nguo, mkonge, nondo na vinywaji. Sehemu kubwa inahusu mashine zenyewe, maana ndiko vidole na mikono vinakopotea, na ndiko kinga inakowezekana zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Ajali za mashine hutokea zaidi wakati gani?

Wengi hufikiri ni pale mashine inapozalisha kwa kasi. Lakini kazi ikienda vizuri, opereta yuko mahali pake na mikono yake inajua la kufanya. Hatari huingia kazi inapokatika: mfuko umekwama kwenye mkanda, unga umeganda, uzi umejiviringisha kwenye rola, mashine inasafishwa mwisho wa zamu, fundi anakaza bolti. Hapo ndipo mtu huinama, akatoa kifuniko, akaingiza mkono.

Chukua mkanda wa kubebea mifuko unaokwenda mita 1 kwa sekunde. Kwa macho unaonekana wa taratibu tu. Mtu akinaswa ncha ya kidole, hupita karibu robo sekunde kabla misuli haijaanza kuuvuta mkono. Katika robo sekunde hiyo mkanda umeshasogea sentimita 25, na rola imeshapita kifundo cha mkono. Ndiyo maana yule anayejisifu kuwa ana mikono myepesi hajipatii kinga yoyote. Hakuna binadamu mwenye wepesi wa kushindana na rola.

Nikizima swichi kabla ya kuingiza mkono, si inatosha?

Haitoshi, na hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu jambo hili likieleweka na kufuatwa huokoa mikono mingi kuliko mabango yote ya ukutani.

Ukizima swichi ukaingia nyuma ya mashine, mwenzako anayekuja kutoka chai haoni mtu. Anaona mashine imesimama na supavaiza anauliza mzigo uko wapi. Anawasha. Hana nia mbaya hata kidogo.

Halafu kuna umeme wetu. Umeme ukikatika mashine ikiwa na kitu kilichokwama, watu huona hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kukitoa. Hakuna aliyegusa swichi, bado iko kwenye "washa". Jenereta linapoingia, au umeme wa gridi unaporudi, mashine nyingi za zamani huamka zenyewe mikono ikiwa ndani. Fundi umeme anaweza kuweka kifaa kinachohakikisha kuwa umeme ukirudi, mashine inabaki imelala mpaka mtu abonyeze kitufe upya. Kama kiwanda chenu hakina kifaa hicho, kidaini.

Na hata umeme ukiwa umekatwa kabisa, nguvu inaweza kuwa imebaki ndani: upepo wa kompresa kwenye mabomba, mafuta ya haidroliki yaliyobanwa, springi iliyovutwa, mvuke wa boila, au uzito wa sehemu iliyoinuliwa juu. Ukitoa kile kilichokwama, nguvu hiyo hujiachia.

Utaratibu sahihi ni huu. Wajulishe wote wanaohusika na mashine hiyo. Izime. Nenda kwenye swichi kuu inayoilisha umeme, ikate, kisha ifunge kwa kufuli lako na uning'inize kibao chenye jina lako na saa. Toa upepo na mvuke uliobaki, teremsha au egemeza kila kinachoweza kuanguka. Mwisho bonyeza kitufe cha kuwashia uone kama mashine inaitika. Isipoitika, sasa ndiyo uingize mkono.

Ufunguo ukae mfukoni mwako. Usimwachie msimamizi, wala usiuache umening'inia kwenye kufuli. Wakifanya kazi mafundi watatu, yawekwe makufuli matatu, na kila mmoja atoe la kwake anapomaliza. Zamu ikibadilika kazi haijaisha, anayeingia aweke lake kabla anayetoka hajatoa la kwake.

Kwa nini watu huondoa vifuniko vya mashine wakijua ni hatari?

Kwa sababu vifuniko vingi vimewekwa vibaya. Kifuniko chenye bolti nane, kwenye mashine inayokwama kila baada ya dakika kumi, hakitakaa wiki. Opereta ataondoa bolti sita, kisha ataondoa chote, na mwisho kitasimama ukutani kikishika vumbi. Kumkaripia hakutabadilisha kitu kama bado anadaiwa idadi ileile ya mifuko kwa zamu.

Mwulize kwanza kwa nini mashine inakwama. Pengine kisu ni butu, mkanda umelegea, au malighafi ina unyevu mwingi. Ukiondoa sababu ya kukwama umeondoa na sababu ya kuingiza mkono. Kisha weka kifuniko chenye bawaba na swichi inayoizima mashine kikifunguliwa, na umpe opereta fimbo au ndoano ndefu ya kuvutia uchafu. Swichi hiyo isigeuzwe kuwa mbadala wa kufuli. Anayeingia ndani kurekebisha lazima afunge kwa kufuli lake.

Mbona tumepewa glavu na helmeti, bado watu wanaumia?

Vifaa kinga vinapaswa kuwa ngazi ya mwisho. Wataalamu wa usalama huanza na kuiondoa hatari yenyewe, ikishindikana hubadilisha kitu hatari kwa kingine chenye afadhali, kisha huweka kizuizi kati ya mtu na hatari, halafu hupanga utaratibu wa kazi. Baada ya hayo ndipo yanakuja glavu, buti, miwani na helmeti. Viwanda vingi huanzia huku mwisho kwa sababu glavu hununuliwa leo na kuonekana kwenye picha kesho.

Na glavu zenyewe zinaweza kudhuru. Kwenye drili, lathe (mashine ya kukereza), au rola zinazozunguka, kitambaa cha glavu hunaswa na kuvuta mkono mzima. Mahali hapo fanya kazi bila glavu. Vivyo hivyo kwa mikono mirefu ya shati, ncha za kitenge au mtandio, nywele ndefu zisizofungwa, cheni na pete. Mwanamke anayejistiri kichwa ana haki ya kupewa kofia au ushungi uliobana usioning'inia. Asilazimishwe kuchagua kati ya stara yake na usalama wake.

Ajali ikitokea tunaambiwa ni uzembe wa mfanyakazi. Ni kweli?

Wakati mwingine mtu hukosea. Ila neno uzembe likishatamkwa, uchunguzi hufungwa, mtu huachishwa kazi, na mashine ileile hupewa mwingine kesho yake asubuhi. Mimi nasema wazi kwamba kiwanda kinachoandika uzembe kama chanzo cha kila ajali hakijachunguza ajali hata moja.

Uliza: alikuwa na muda gani kwenye mashine hiyo? Utafiti uliofanywa Canada umeonyesha kuwa mfanyakazi aliye katika mwezi wake wa kwanza yuko katika hatari ya kuumia zaidi ya mara tatu ya yule aliyevuka mwaka. Vibarua wetu, wengine huchukuliwa getini asubuhi na kuwekwa mbele ya mashine saa hiyohiyo, kila siku ni mwezi wao wa kwanza. Uliza pia alikuwa zamu ya ngapi mfululizo, taa zilikuwaje, nani alimfundisha, na kama kuna aliyewahi kunusurika hapohapo. Karibu kila mara yupo, na mara nyingi hakusema kwa kuogopa kukatwa posho. Anayetoa taarifa ya kunusurika ashukuriwe mbele ya wenzake.

Mwenzetu ameanguka ndani ya tangi au shimo. Tumfuate haraka?

Hapana. Ukiingia bila kujikinga, kuna uwezekano mkubwa mkatolewa wawili. Mashimo ya majitaka ya kiwanda, matangi ya molasi na ya vileo yanaweza kuwa na gesi yenye sumu au hewa isiyo na oksijeni ya kutosha. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 mahali hapo huhesabiwa kuwa hatari. Gesi ya salfidi hidrojeni, ile yenye harufu ya yai bovu, ikizidi huua kwanza uwezo wa kunusa, hivyo mtu hudhani imeondoka.

Piga kelele za msaada, piga simu ya Zimamoto, kwa Tanzania ni 114, pulizeni hewa safi ndani mkiwa nje, na mvuteni kwa kamba kama aliingia akiwa amefungwa. Mtu asiingie kamwe bila hewa kupimwa, kamba ya kumvutia, na mlinzi wa juu asiyeondoka.

Vumbi na kelele navyo ni ajali?

Ni madhara yanayokuja polepole. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, kelele pengine imefika desibeli 85, kiwango ambacho saa nane kwa siku zinaanza kuharibu sikio. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Kwa wa pamba na mkonge, kuna dalili ya kuichunga. Kifua hubana na kikohozi huja siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu, kisha hupungua wiki inavyosonga. Watu husema ni uchovu wa wikiendi. Ni vumbi, na likiachwa miaka huharibu mapafu moja kwa moja. Mweleze daktari unafanya kazi gani. Msifagie vumbi likiwa kavu, na msijipulize upepo wa kompresa mwilini.

Mlango wa nyuma umefungwa kufuli kwa sababu ya wizi. Tufanyeje?

Ufunguliwe leo. Tarehe 25 Machi 1911 huko New York watu 146, wengi wao wasichana washonaji, walikufa katika moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle ambako mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Miaka 101 baadaye, Septemba 2012, zaidi ya watu 250 waliteketea katika kiwanda cha nguo Karachi, Pakistan, kwenye jengo lenye milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo. Wizi uzuiwe kwa mlinzi, au kwa king'ora kinacholia mlango ukifunguliwa. Mlango wenyewe ufunguke kwa kusukumwa kutoka ndani, bila ufunguo.

Mtu ameshaumia. Dakika za kwanza tufanye nini?

Zima mashine au kata umeme kwanza. Aliyeshikwa na umeme usimguse kabla haujakatwa.

Damu inayotoka kwa nguvu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole kilichokatika kizungushie kitambaa safi chenye unyevunyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki uufunge vizuri, kisha mfuko huo uuweke kwenye chombo chenye maji na barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, kisiloweshwe majini. Kiende hospitali pamoja na mgonjwa.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na avuliwe pete kabla vidole havijavimba. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga visipakwe. Kostiki ya kiwanda cha sabuni, ile soda kali inayounguza ngozi, ikiwa kavu ipanguswe kwanza, kisha maji mengi. Ikiingia jichoni, shika kope wazi na umwagie maji kwa angalau dakika 20 kabla ya kuanza safari. Msijaribu kuikata makali kwa siki.

Nani analipa, na naanzia wapi?

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na humo mwajiri anatakiwa kusajili eneo la kazi na kupima afya za wafanyakazi. Fidia hutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, utengamao (kumrudishia majeruhi uwezo wa kujitegemea na kufanya kazi), msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Ukikatwa mshahara kwa jina la WCF, uliza. Kenya kuna sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya mafao ya majeraha, na eneo lenye wafanyakazi 20 au zaidi linatakiwa kuwa na kamati ya usalama.

Mwambie mwajiri siku hiyohiyo, hata kama jeraha linaonekana dogo, na hakikisha limeandikwa kwenye daftari la ajali. Hospitali waeleze kuwa uliumia kazini ili iandikwe hivyo kwenye faili. Weka nakala ya kila karatasi, pamoja na majina ya waliokuwepo. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi atunze chochote kinachoonyesha alikuwepo kazini, kama ujumbe wa malipo kwenye simu au jina lake kwenye kitabu cha getini.