Minara Miwili ya Zanzibar: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wageni wengi wa Mji Mkongwe huondoka wakiamini kwamba kanisa lililosimama penye soko la zamani la watumwa ndilo kanisa kuu la Wakatoliki. Sivyo. Kanisa hilo la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873 na ambalo ujenzi wake ulisimamiwa na Edward Steere, aliyekuwa askofu kuanzia 1874, ni la Waanglikana. La Wakatoliki ni la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, nalo lilijengwa na wamisionari Wafaransa kati ya 1893 na 1898.

Wapo pia wanaodhani kwamba kanisa huitwa kuu kwa ukubwa wake. Ukweli ni kwamba hupewa hadhi hiyo kwa kuwa ndani yake kuna kiti cha askofu wa jimbo; hata Roma, kanisa kuu ni la Laterano, wala si Basilika ya Mtakatifu Petro.

Dhana iliyoenea zaidi inahusu mavazi ya ibada, ambayo watu husema yaliigwa moja kwa moja kwa makuhani wa Agano la Kale. Kwa asili yalikuwa nguo za kawaida za Warumi. Alba, vazi jeupe refu ambalo jicho la Mzanzibari hulilinganisha upesi na kanzu, ilitokana na nguo yao ya ndani, na kasula, vazi la juu la padre wakati wa Misa, ilitokana na joho la kujikinga na baridi na mvua safarini, ndiyo maana jina lake la Kilatini lina maana ya kijumba. Mitindo ya watu ilipobadilika, makasisi waliendelea na ile ya zamani, na hapo ndipo nguo za kila siku zilipogeuka kuwa za ibada. Stola, ukanda mrefu wa kitambaa, nayo si pambo tu: padre huiacha ining'inie kutoka shingoni, ilhali shemasi huivaa kutoka bega la kushoto na kuivusha kifuani hadi ubavu wa kulia.

Wala rangi haichaguliwi kwa kupenda kwa padre. Kijani ni ya kipindi cha kawaida, nyekundu ni ya Pentekoste na ya mashahidi, yaani waliouawa kwa ajili ya imani, nyeupe ni ya Pasaka na Krismasi, na zambarau ni ya Majilio, kipindi cha kungojea Krismasi, na ya Kwaresima. Anayehudhuria Misa Jumapili ya tatu ya Majilio au ya nne ya Kwaresima anaweza kumwona padre katika kasula ya waridi, rangi iliyotengewa siku hizo mbili tu.